Mkono Usiachie Usukani

Wanangu mnaopanda baiskeli huku kwetu Naivasha, nina neno nanyi, na sitalizungusha. Nzi anayekuuma barabarani hatakuua. Kitakachokuumiza ni ule mkono unaoubandua kwenye usukani ili umpige kofi. Nimewaokota vijana kwenye mitaro ya Ndabibi na Maiella, magoti yamechubuka, viwiko vinavuja damu, na nikiuliza kulikoni naambiwa: "Kuna mdudu alinidunga, mzee." Hakuna anayetaja shimo. Hakuna anayetaja mwendo. Ni mdudu tu. Na mdudu mwenyewe saa hiyo amekwisha kushiba, yuko juu ya jani anapumzika.

Hebu tupige hesabu kidogo. Baiskeli inayokwenda kilomita 25 kwa saa, mwendo ambao kijana yeyote anaupata mteremkoni bila hata kukanyaga, inasonga karibu mita 7 kila sekunde. Kofi la shingoni ni sekunde moja. Kuupapasa usukani tena ni sekunde nyingine. Hizo ni mita 14 ulizoendesha kwa mkono mmoja, macho yakiwa begani, juu ya murram iliyojikunja matutamatuta kwa sababu ya malori. Mkono uliobaki ukishtuka ukakaza breki ya mbele peke yake, utatangulia wewe, baiskeli ikufuate. Kwenye lami ya Moi South Lake matuta hayo hakuna, lakini kuna malori ya maua na matatu zinazokimbilia Kongoni, na hapo ukiyumba nusu mita tu umeingia njia ya mwenye gari. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu walikuwa wanatumia fumbo. Mimi hapa situmii fumbo. Nasema guu lenyewe, na plasta juu yake.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni gumu kulimeza: akikutua, mwache akuume. Uchungu wake ni wa dakika chache, na mfupa wa mtulinga ni wa wiki nyingi. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, toka barabarani, weka mguu chini, ndipo umshughulikie. Wala usidhani utamtisha kwa kupungapunga. Wahenga waliona zamani kwamba nzi kufia juu ya kidonda si haramu. Huyu amekuja kwa ajili ya damu na kufa hakumkeri.

Nawaambia haya nyinyi mnaofika Jumamosi kutoka Nairobi na baiskeli zimefungwa juu ya gari, na nyinyi mnaokodi pale langoni mwa hifadhi ya Hell's Gate, na zaidi nyinyi wa Karagita, Kwa Muhia na Kamere mnaokwenda mashamba ya maua kwa baiskeli kila siku ya Mungu. Hawa wa mwisho hakuna anayewaandikia, ilhali ndio wanaoumwa zaidi.

Mimi ni mtu wa mifugo. Kazi yangu niliifanya kati ya josho na josho, juu ya Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito isiyojua gia. Nzi niliwajua kupitia ng'ombe. Mchungaji hodari hamtazami nzi, humtazama ng'ombe: mkia unapiga wapi, ngozi inatetemeka wapi, mguu upi unakanyagakanyaga chini. Anayepiga teke kila mara na kukanyaga ardhi anaumwa miguuni. Anayezungusha kichwa hadi ubavuni anaumwa mgongoni na tumboni. Ni nzi wawili tofauti hao, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa miguuni ni nzi wa mazizini. Ukimtazama upesi utadhani ni nzi wa kawaida wa nyumbani, ila huyu ana mdomo mgumu uliochomoza mbele kama sindano. Dume anauma, jike anauma. Hupenda kifundo cha mguu, ndiyo maana mpanda baiskeli aliyevaa soksi fupi humjua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote: mguu unazunguka, yeye anazunguka nao, na hata ukimkosakosa kwa teke anarudi palepale. Huzaliana kwenye samadi iliyochanganyika na nyasi mbichi na majani yanayooza. Kwa hiyo ukipita penye boma la ng'ombe, au penye lundo la majani lililotupwa likavunda, mtegemee. Soksi ndefu nene zinazofika chini ya goti humaliza habari yake. Hakuna ujanja mwingine unaoushinda huo, na bei yake mnaijua.

Wa mgongoni ni pange, na huyu ndiye ninayetaka tukae naye.

Pange ni mkubwa, macho yake yamejaa kichwa kizima, na mengine yanang'aa kijani chenye mistari. Anayeuma ni jike peke yake. Dume lake hunywa utamu wa maua na halina habari na mtu. Jike anataka damu ili mayai yake yakomae, na namna anavyoitafuta ndiyo inayoleta kile kilio ninachokisikia barabarani. Mbu hudunga kwa ufundi, mara nyingi usijue mpaka ameondoka. Pange hana ufundi huo. Midomo yake ni visu vidogo: anaichana ngozi, damu inatoka, kisha anailamba. Ndiyo maana unasikia kama umechomwa kwa moto, na ndiyo maana baada yake unaona tone la damu linateremka. Ukimfukuza kabla hajashiba hurudi, au humwendea mwenzako.

Mayai yake huyataga juu ya majani yaliyo karibu na maji, na funza wake hukulia ndani ya tope, wakiwinda wadudu wengine humo. Sasa kumbukeni ziwa letu limefanya nini miaka hii. Mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia mtaa wa Kihoto watu wakahama, na mwaka 2025 yakarudi tena. Ziwa likipanda na kushuka huacha nyuma yake tope, mafunjo yaliyolala na madimbwi yenye majani yaliyooza, tena karibu na njia tulizozizoea. Mahali palipokuwa pakavu nilipokuwa kijana, leo ni kitalu cha pange. Msiipange safari yenu kwa ramani ya zamani.

Pange hutafuta kwa macho. Anavutwa na kitu kikubwa, cheusi, chenye joto, kinachosonga. Hebu jitazameni: kijana aliyevaa suruali nyeusi ya kubana na fulana ya buluu iliyokolea, anatoka jasho, anapumua kwa nguvu, anapanda mlima wa Eburru kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwa pange huyo ni ndama aliyeachwa na mama yake.

Habari ya rangi si porojo za wazee. Kule Nguruman, magharibi mwa Magadi, watafiti Robert Brightwell na Robert Dransfield pamoja na wafugaji wa Kimaasai walitengeneza katika miaka ya 1980 mitego ya mbung'o, wale nzi waletao malale, kwa kitambaa cha buluu na cheusi, wakaweka mkojo wa ng'ombe kuwa chambo. Mbung'o huifuata buluu na kutua kwenye nyeusi. Baadaye Steve Mihok, aliyekuwa akifanya kazi na ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, alibuni mtego mwingine wa buluu na nyeusi unaowanasa pia pange na nzi wa mazizini. Mtego huo unaitwa Nzi, na unatumika hadi ng'ambo. Basi kijana anayevaa buluu na nyeusi amevaa mtego usio na wavu.

Vaeni rangi ya maziwa, ya mchanga, ya majivu meupe. Au mfanye kama wenyeji wa Hell's Gate wenyewe. Mnapowapita punda milia pale chini ya Mnara wa Fischer mnasimama kupiga picha na kuendelea. Mngekaa kidogo mngejifunza. Mtaalamu aitwaye Tim Caro, wakati huo wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwachunguza nzi hao na mwaka 2019 akatoa matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza: farasi walivikwa makoti meupe, meusi na ya milia. Pange waliwakaribia wote sawasawa, lakini walipofika kwenye milia walishindwa kutua vizuri, wakapitiliza au wakajigonga. Kichwani, ambako koti halikufika, walitua kama kawaida. Mwaka huohuo Wajapani walipaka ng'ombe weusi milia myeupe, na nzi waliotua juu yao wakapungua kama nusu. Mungu hakuchora milia ile kwa ajili ya watalii. Fulana ya milia myeupe na myeusi haigharimu zaidi ya fulana ya buluu, na soko la mitumba la Naivasha limejaa.

Nguo iwe pana kidogo na yenye mikono mirefu. Ile ya kubana hata ikiwa ndefu, mdomo wa pange unaipenya kwa sababu imelala juu ya ngozi. Najua mtaniambia nguo pana inashika upepo na kuwachelewesha. Mnashindana na nani huku Kongoni?

Jambo lingine ni saa. Asubuhi ya Naivasha ni ya baridi. Tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na kabla jua halijapanda pange hawezi kitu, misuli yake haijapata joto. Anapoanza kazi ni kuanzia saa nne mpaka saa nane hivi, jua kali, hewa imetulia, ziwa limelala. Halafu mchana unapoegemea, upepo unaamka, nanyi wenye kuendesha mitumbwi mnaujua. Pange hapendi upepo, na ukivuma vizuri hujificha majanini. Kwa hiyo anayetoka saa kumi na mbili asubuhi akawa amefika Ndabibi kabla ya saa nne, akapumzika kivulini penye hoteli na chai, akarudi alasiri, huyo ataniambia nzi hawapo Naivasha. Anayeamka saa tatu, akanywa chai polepole, akaondoka saa nne na nusu, atafika kwangu akiwa na madoadoa.

Tena mtazame njia yenyewe. Nzi hukushika pale unapokwenda polepole: mpandoni, mchangani, kwenye daraja, penye lango unaloshuka kulifungua. Malewa na mito mingine inayoingia ziwani ina vichaka na tope kando yake. Msichague kivuko kuwa mahali pa kula ndizi. Ukitaka kupumzika, panda mahali palipo wazi penye upepo, hata kama kivuli hakuna.

Na hili shikeni sana, maana linahusu roho: mkiwa ndani ya Hell's Gate au kwenye njia za Olkaria, mahali pasipo boma wala ng'ombe, halafu ghafla nzi wakaongezeka, simameni mkatazame vichaka. Nzi hawaishi kwa hewa. Wakiwa wengi, kuna mwili mkubwa karibu unaowalisha, na huko mwili huo mara nyingi ni nyati. Hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 1984, ni mojawapo ya chache Kenya zinazoruhusu mtu kuingia kwa miguu na kwa baiskeli, na watu wamesahau kwamba ruhusa hiyo hawakuitia sahihi nyati. Kijana anayepigana na nzi kwa mikono na kelele mita thelathini kutoka kwa nyati dume aliyezeeka anatafuta habari ya gazetini.

Sasa nije kwa mbung'o, kwa sababu kila mwaka lazima nipate kijana aliyeumwa na pange anayeniuliza kama atalala usingizi mpaka afe. Hapana. Nyanda zetu hizi za juu si makazi ya mbung'o. Ukitaka kumpata shuka Nguruman, nenda Mara, nenda bonde la Lambwe kule Homa Bay. Huyo naye, dume na jike wote wanauma, na tabia yake mbaya kwa mpanda baiskeli ni kwamba hufuata kinachosonga. Gari likipita huliandama, na baiskeli ni gari la polepole lisilo na vioo. Wanaokwenda kwenye mashindano ya Migration Gravel Race, yaliyoanzishwa mwaka 2021 huko Maasai Mara, wavae nilivyosema, tena kwa ukali zaidi. Lakini msibebe hofu ya karne iliyopita. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa hapa kati ya wenyeji alipatikana mwaka 2009, na wageni wawili walioambukizwa Mara waligunduliwa mwaka 2012. Ng'ombe ndio bado wanaangamia kwa nagana, malale ya mifugo, na mfugaji wa huko anajua.

Kuna jambo moja la mbung'o linalonifurahisha na ambalo linatuhusu watu wa ziwa. Wale kuro mnaowaona wakilisha ukingoni, wenye weupe makalioni na harufu nzito, mbung'o hawawapendi. Watafiti wa ICIPE waliitengeneza upya harufu hiyo, wakaiweka kwenye kola za ng'ombe kule Kwale, na ugonjwa ukapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Msije mkaanza kujisugua kwa kuro. Ni dawa ya mbung'o, na mbung'o hapa hakuna.

Hilo linanileta kwenye dawa za kujipaka, ambako nina hasira kidogo. Dawa yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 inawafaa kwa mbu na inasaidia kwa kiasi kwa nzi wa mazizini. Kwa pange ni nusu msaada, nguo inamshinda. Mjue pia kwamba DEET huyeyusha plastiki: ukiipaka ukashika miwani au vishikio vya usukani, utaona vinanata na kuharibika. Jifuteni viganja kwanza. Mafuta ya mchaichai yananukia vizuri na nguvu yake huisha upesi, hasa jasho likianza. Leleshwa, kichaka kilichojaa hapa kila upande, wachungaji huivunja tawi wakapungia nzi, na wengine huiweka kwapani kwa harufu yake. Mimi naipenda, na tawi lake ni usinga mzuri ukiwa umesimama. Ukiwa umesimama, nasema.

Lakini nimesikia kijana akijisifu kwamba alichovya kitambaa kwenye dawa ya josho, ile tunayoogeshea ng'ombe kupe watoke, akajifunga shingoni. Na mwingine alitumia dawa aliyopewa na rafiki yake anayenyunyizia maua. Wanangu, nimeishi na dawa hizo. Ng'ombe wa kilo mia tatu tunampimia kwa uangalifu, na bado mtu wa josho akizembea glavu huanza kutoka mate na kuona mbili. Nyingine huingia kupitia ngozi, na jasho na joto la kukanyaga baiskeli huziharakisha. Dawa ya mnyama ni ya mnyama, ya shamba ni ya shamba. Mkimwona mwenzenu amejipaka, mvueni nguo yenye dawa, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, mpelekeni hospitali na chupa yenyewe ili daktari asome kilichoandikwa. Msimpe maziwa kwanza mkidhani yanasafisha.

Ukishaumwa, osha kwa sabuni na maji safi, weka kitambaa cha baridi, na usikune. Najua panawasha. Alipouma pange hubaki panawasha siku mbili tatu, na kucha za mtu aliyeshinda barabarani zina kila uchafu. Wengi wanaokuja na jipu hawakuletewa na nzi, wamejiletea. Piritoni husaidia, ila hulegeza mwili na kuleta usingizi. Imezeni mkishafika nyumbani, kamwe si katikati ya njia mkiwa na mteremko wa Eburru mbele yenu. Midomo ikivimba, kifua kikibana, au mwili mzima ukitoka vipele, hiyo si habari ya piritoni tena, ni hospitali mbio.

Lipo la mvua kubwa, na hili limezaliwa hapahapa kwetu. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walianza kutupa mimba na wana-kondoo wakafa kwa maelfu. Watu waliowashika nao wakashikwa na homa. Robert Daubney na wenzake Hudson na Garnham walichunguza, na mwaka 1931 wakaueleza ulimwengu ugonjwa ambao leo unajulikana kama Homa ya Bonde la Ufa. Unaenezwa na mbu. Kuna mbu hutaga mayai yake kwenye mbuga zinazofurika mara moja baada ya miaka, mayai yakalala kwenye udongo mkavu, mvua ya ajabu ikija yakaanguliwa kwa pamoja yakiwa na virusi tayari. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena 2006 na 2007, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa nchini Kenya.

Mpanda baiskeli anaingiaje hapo? Kwanza kwa mbu wa jioni. Lakini watu wengi huambukizwa kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, na nyinyi vijana mna mazoea: mnakuta kondoo amekufa kando ya njia, au mfugaji anachinja upesi upesi kabla hajafa, anawauzia mguu kwa bei ya kutupa, mnaufunga nyuma ya baiskeli. Katika mwaka wa mafuriko, mkisikia kondoo wanatupa mimba, pitieni mbali. Msiguse kilichotupwa, msinunue nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, msinywe maziwa yasiyochemshwa. Na mkipata homa kali ndani ya wiki moja, mwambieni daktari mlipita wapi na mligusa nini. Msimwachie abahatishe malaria.

Na wale wa kupiga kambi Gilgil: msilale mapangoni. Kuna kijidudu huko, kidogo kuliko mbu, cha rangi ya mchanga, kisicho na mlio, kinachotoka kwenye nyufa za miamba usiku na kuruka kwa kudundadunda. Huacha vijidudu vya leishmania, na miezi baadaye unapata kidonda, mara nyingi usoni, kisichouma sana na kisichopona upesi. Katika msitu wa Utut ugonjwa huo umechunguzwa tangu zamani, na watafiti wanawatilia shaka pimbi kuwa ndio wanaouhifadhi. Unatibika, lakini kovu hubaki. Ukilala ndani ya hema lenye wavu wa matundu madogo sana hupati shida hiyo.

Nimebakiza wa jioni, mnaotoka kazini jua linazama. Lile wingu la vijinzi linalosimama juu ya barabara karibu na ziwa haliumi. Vijinzi hivyo havina hata mdomo wa kuumia. Kazi ya wingu hilo ni kuingia machoni, puani na kooni, na hapo ndipo mtu hufumba macho mawili kwa pamoja gari likija mbele yake. Nunueni miwani isiyo na rangi, na mfunge mdomo mnapolipita, hata kama hadithi ya msimamizi wenu wa zamu ilikuwa tamu. Taa nayo ifungeni kwenye usukani, chini, wala si kwenye kipaji cha uso kama wachimba mgodi. Wadudu wote wa Naivasha watakuja kwenye taa ya kipajini, na mdomo wenu uko chini yake kwa upana wa kiganja.